Samaki wa Kulinganishia

Zulaika alipopata kazi ya kupima samaki wa bahari, jirani yangu Akech alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Bahari gani hiyo? Mimi nimezaliwa Kenya, nchi yenye bahari yake, na sijaiona hata siku moja. Wewe utaipima kutoka hapa Makindye?"

"Bahari haiji, Anti Akech," Zulaika akamjibu. "Samaki ndio wanakuja."

Na kweli walikuwa wanakuja. Mwaka huo ardhi ilitetemeka kwenye nchi ya mbali, mtambo wa nyuklia uliojengwa ufukweni ukapasuka, na maji yake yakamwagika baharini siku kumi na moja kabla hawajaziba. Sisi tulisikia redioni tu, kama mtu anavyosikia msiba wa mtaa wa pili. Lakini huku kwetu watu wanakula makayabu, yule samaki wa bahari anayekaushwa kwa chumvi mpaka anakuwa mgumu kama ubao. Jina hilo tumelipata kwa Wakongo. Samaki mwenyewe anavuliwa huko mbali, anashuka Mombasa ndani ya kontena, analetwa na lori mpaka Kampala, na Akech anampika kwenye kibanda chake, anawapa mafundi na waendesha bodaboda.

Kwa hiyo ikafunguliwa ofisi ya muda juu ya kilima cha Mbuya, ya kupima chakula cha baharini. Wakati huohuo kamati ilikuwa inaandika sera ya bahari. Mimi pia nilicheka, nchi isiyo na ufuko hata wa kuanikia shuka moja! Zulaika alinieleza polepole, kama nilivyokuwa namweleza yeye zamani kufunga kamba za viatu. Nchi isiyo na ufuko bado inakula kutoka baharini. Ina haki ya kuwauliza wenzake wa pwani wamepima nini, wapi, lini. Na lazima iwe na namba yake yenyewe ya kusimamishia mzigo.

"Bila namba, Haboba, kila ofisa atapitisha anavyojisikia siku hiyo."

Haboba ni bibi, kwa Kinubi chetu. Ndivyo anavyoniita tangu ana miaka minne, mama yake alipokwenda kufanya kazi Juba akaniachia. Nilimsomesha mpaka akapata diploma ya maabara. Halafu diploma ikakaa ukutani miaka miwili, na yeye akakaa chini yake, anaandika barua za kuomba kazi. Alikonda. Aliacha hata kucheza vitendawili na mimi, mchezo wetu tangu utotoni. Kazi ya Mbuya ilipokuja ilikuwa ya majaribio, miezi mitatu. Mwisho wa miezi mitatu, siku ya Ijumaa, mkuu wake bwana Ocira angempa barua ya kazi ya kudumu, au angempa mkono tu na kumtakia heri.

Nilikuwa naihesabu Ijumaa hiyo kuliko yeye.

Vitendawili vilirudi na kazi. Jioni moja anaingia, hata viatu hajavua.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Kinapita ukutani hakibishi hodi, kinakaa mfupani hakiagi."

Nikafikiri. "Baridi ya Julai."

"Mionzi, Haboba! Ndiyo tunayoipima."

"Haya, na mimi. Anakaa nyumba ya bati halipi kodi, hana miguu na amevuka mipaka miwili."

"Samaki wa kopo," akasema bila kufikiri. Basi nikajua mtoto wangu amepona.

Wiki tatu kabla ya ile Ijumaa, alikuja na shida. Kontena la makayabu lilikuwa limefika, la kwanza kupimwa tangu ajali. Ili wajue kama samaki wale wamebadilika, walihitaji samaki wa kulinganishia, yaani samaki wa aina hiyohiyo aliyeingia nchini kabla ya ajali. Bwana Ocira alimwambia atafute dukani, alete na risiti yenye tarehe. Alizunguka siku mbili. Kila duka lilikuwa limemaliza wa zamani, au limechanganya wa zamani na wa jana, na kila mwenye duka alikuwa tayari kumwandikia tarehe yoyote anayotaka.

"Mbona mimi ninao," nikamwambia.

Nilikuwa na debe zima chini ya kitanda, lililobaki harusi ya mtoto wa dada yangu, karibu miaka miwili nyuma. Zulaika alipiga magoti akalifungua, akanusa, akacheka. Akachagua vipande viwili vikubwa, akaviweka juu ya meza.

"Nitavichukua kesho asubuhi. Haboba, usivifanyie kitu chochote. Vikae hivyohivyo."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa mapenzi.

Kwetu mgeni akiingia akasema "msijisumbue, msinifanyie kitu," wewe unakimbilia jikoni. Mtu mwenye adabu hasemi "nipikieni." Anasema "nimeshiba," na unampakulia. Zulaika nilimlea hivyo mimi mwenyewe. Aliposema usivifanyie kitu, nilisikia mtoto mwenye adabu asiyetaka kumchosha bibi yake. Na samaki walikuwa na vumbi, na harufu ya chini ya kitanda. Wanakwenda ofisini, mbele ya wazungumzaji wa Kiingereza, mbele ya bwana mkubwa, wametoka nyumbani kwangu mimi, Rahmah. Nitawatoa wachafu?

Hakukuwa na umeme jioni hiyo, nikaviacha. Asubuhi Zulaika akaitwa kazini mbio kabla ya saa moja, akaniambia atavichukua siku ya pili yake. Nikapata mchana mzima.

Nina majivu yangu ya maganda ya matoke, zile ndizi zetu za kupika. Nayaanika maganda, nayachoma, majivu nayaweka kwenye kopo lenye matundu, namimina maji juu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Hayo ndiyo yanayolainisha maharage yangu na mboga zangu, na mama mkwe wangu alinifundisha kuoshea makayabu. Nikavilowesha vile vipande mpaka adhuhuri. Nikavitoa, nikavipaka vumbi la majivu yenyewe, kama unavyompaka mtoto poda, ili inzi wasikae. Nikavianika juu ya bati. Jioni nikavipangusa kwa kitambaa. Vilikuwa vyeupe, safi, havina harufu. Nikavifunga kwenye karatasi mpya.

Asubuhi Zulaika alivichukua bila kufungua, alikuwa amechelewa. Kule kazini sampuli zinapitishwa kwenye dirisha lao, hazipiti mlango wa watu. Akajaza fomu. Kwenye mstari wa hali ya sampuli aliandika: haijaguswa.

Hayo ya fomu niliyajua baadaye, Jumanne ya wiki ya mwisho.

Alirudi siku hiyo na nyama na soda mbili, na Akech akaitwa. Zulaika hakuweza kukaa.

"Kontena limepita! Samaki wa kontena wamesoma mia mbili na sitini. Wale wetu wa zamani, mia nne na kumi!"

"Mia nne za nini?" Akech akauliza.

"Za kulia, Anti. Mashine inasikia kila chembe inapolia, inahesabu. Kumbe samaki wa zamani walikuwa wanalia zaidi kuliko hawa wa baada ya ajali. Kwa hiyo hakuna wasiwasi. Alhamisi saa sita mchana kontena linafunguliwa. Na Haboba, sikiliza, kamati imechukua namba yangu. Mia nne na kumi. Itaandikwa kwenye sera: samaki yeyote wa bahari aliye chini ya hapo, apite. Namba ya nchi nzima, na imetoka chini ya kitanda chako!"

"Na barua?"

"Bwana Ocira amesema nivae vizuri Ijumaa."

Akech akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Nikambusu mtoto paji la uso. Ndipo nikauliza, kwa kuongea tu, sikuwa na nia yoyote:

"Lakini samaki wa zamani walikuwa wanalia nini, na ajali haijatokea?"

"Hata bwana Ocira anashangaa kidogo. Mashine kubwa, ile inayojua nani analia, haijafungwa bado, kuna kifaa kinasubiriwa. Hii ndogo inahesabu kelele zote pamoja. Lakini kila kitu kinalia kidogo, Haboba. Mwili wako unalia. Ndizi inalia."

"Ndizi?"

"Ndizi ina kitu kinaitwa potasiamu. Sehemu yake ndogo inalia. Haina madhara, Mungu ameiumba hivyo. Ukichoma maganda ya ndizi, yale majivu ndiyo yanalia hasa, kwa sababu potasiamu yote imebaki mlemle. Chuoni tulifanya jaribio hilo."

Soda ilikuwa mdomoni. Niliimeza, nikaiweka chupa mezani.

Sikusoma zaidi ya darasa la sita, lakini jikoni kwangu naweza kujumlisha. Samaki wangu walilia kwa majivu yangu. Namba ya nchi nzima ilikuwa namba ya majivu. Na samaki wa kontena, wanaosema ni salama kwa sababu wako chini ya wangu, hakuna aliyejua wanalia kwa sababu gani.

Nikamtazama. Alikuwa anamwonyesha Akech, kwa mikono, jinsi atakavyopanga meza yake akishapata meza ya kudumu.

Nikisema, aliandika haijaguswa, na hakuleta risiti kama alivyoagizwa. Barua hakuna, na ukuta ule na diploma ile vinamsubiri. Nikinyamaza, Alhamisi saa sita mlango wa kontena unafunguliwa, na Ijumaa Akech anapika. Sikuona pa kutokea. Nyumba yangu ina vyumba viwili na siku hiyo niliiona ndogo kama kabati.

Akech alipoondoka nilijaribu. Sikuweza kusema moja kwa moja, nikaona nipitie kwenye mchezo wetu.

"Kitendawili."

"Tega!"

"Nilimwosha mgeni akazidi kuchafuka."

Zulaika akafikiri, kijiko mkononi. "Nimwoshe, azidi kuchafuka... Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Mombasa yote, na bahari yake. Haya, jibu?"

Alikuwa ananitazama kwa yale macho ya miaka minne. Jibu lilikuwa kwenye ulimi.

"Mkaa," nikasema.

"Ah, Haboba! Hicho ni rahisi!" Akacheka, akaenda kupiga pasi nguo ya Ijumaa, siku tatu kabla.

Jumatano, Zulaika akiwa kazini, nilikwenda kwa Akech. Alikuwa anamenya viazi nyuma ya kibanda. Nilimweleza yote, tangu debe mpaka mkaa. Hakuacha kumenya.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na Mungu."

"Mungu hasemi, na mimi sisemi. Mama Rahmah, nisikilize. Wewe ni mtu mzima. Hao wana mashine, wana Kiingereza, wana gari. Kama samaki ni wabaya watajua wenyewe."

"Watajuaje, Akech? Wanawalinganisha na wangu."

"Basi labda ni wazuri. Pengine ni wazuri tu. Unataka kumvunja mtoto kwa labda?"

"Na wewe Ijumaa utawapika?"

"Nitawapika. Wateja wananiuliza kila siku."

"Utawaonja kwanza, kama unavyoonja siku zote?"

Kisu kikasimama. Akech huonja kila sufuria kabla hajampakulia mtu. Ndiyo sifa yake, wateja wanamtania kwamba yeye ndiye anayeshiba wa kwanza. Alikitazama kiazi mkononi kama hakijui.

"Ungekaa kimya tu, mama," akasema mwishowe. "Mimi ningepika kwa raha zangu. Sasa umenifungia na mimi humuhumu."

"Nisamehe."

"Sisamehi. Kaa chini unisaidie viazi."

Nikakaa, nikamenya.

Alhamisi baada ya swala ya alfajiri niliamua. Nitakwenda Mbuya mwenyewe, nimwone bwana Ocira peke yake, niseme kosa ni langu, mtoto hajui kitu. Labda akisikia kwa mtu mzima ataniheshimu, atamhurumia. Nilijua sitaweza kueleza kwa maneno ya shuleni, kwa hiyo nikachukua mfuko wa majivu, kilo nzima hivi, na chupa ya maji yake, nionyeshe. Wakati najaza mfuko majivu yalinipanda mikononi na kwenye kitenge. Nikajipangusa tu. Bodaboda alinifikisha juu ya kilima saa nne kasoro.

Mlinzi wa getini alikuwa kijana mrefu, jina lake Santo limeshonwa kifuani.

"Mama, unataka nani?"

"Bwana Ocira."

"Iko na miadi?"

"Niko na umri. Nimetoka Makindye."

Akacheka, akapiga simu ndani, akaniambia bwana Ocira yuko kwenye kikao lakini nikae ndani nimsubiri. "Ila lazima upite kwa mashine, mama. Kila mtu anapita, hata mimi. Hawataki mtu aingize kitu ya kuchanganya vipimo. Unaingia pale, unaweka miguu pale, unaweka mikono pale. Taa ya kijani, mlango unafunguka."

"Na isipokuwa ya kijani?"

"Ni ya kijani siku zote."

Kilikuwa chumba cha kioo, kidogo kama choo cha shule, mlango mbele na mlango nyuma. Niliingia na mfuko wangu na chupa yangu. Mlango ukajifunga nyuma yangu kwa mlio wa kufuli. Nikaweka miguu kwenye alama za nyayo. Nikaweka mfuko chini kati ya miguu, nikaingiza mikono kwenye matundu mawili.

Mashine ikalia.

Haikulia kidogo. Ililia kama gari la zimamoto, na taa nyekundu ikaanza kuzunguka juu ya kichwa changu. Nikatoa mikono. Ikaendelea. Nikasukuma mlango wa mbele, umefungwa. Nikarudi wa nyuma, umefungwa. Santo alikuwa nje ya kioo, macho yamemtoka, anarudi nyuma.

"Fungua, baba!"

"Siwezi, mama! Ikilia inafunga yenyewe! Mpaka watu wa ndani!"

Nikasimama. Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilikuwa naiona hewa inaisha, ingawa najua hewa ilikuwepo. Kila ukuta naona nje na sitoki.

Watu wa ndani wakaja, makoti meupe, wanne, watano. Wa mbele alikuwa Zulaika.

Alinitambua kabla hajafika. Uso wake ulianza kutabasamu, kama mtu anavyotabasamu akimwona wa kwao, halafu ukasimama. Akaangalia mashine. Akaangalia mfuko miguuni pangu, na kitenge changu kilivyo cheupe magotini. Sauti ilizimwa, ikabaki taa. Kulikuwa na matundu madogo kwenye kioo ya kuongelea. Akasogeza mdomo, akasema kwa Kinubi, harakaharaka, chini kwa chini: nini hiyo, umekuja kufanya nini, leo?

Kabla sijajibu mwanamume mfupi mwenye miwani akamsogeza pembeni kwa upole. Nilijua ndiye.

"Mama, mimi naitwa Ocira. Usiogope. Hakuna kitu kibaya hapo ndani, ni mashine tu inasikia kupita kiasi. Umebeba nini?"

Ndiyo nafasi niliyoifuata mpaka kilimani. Mtu mwenyewe, anauliza mwenyewe, kwa adabu. Lakini nilikuwa nimepanga kumwona peke yake. Nyuma ya bega lake alisimama mtoto wangu, mikono imeshika koti lake jeupe mbele, kwenye vifungo, kama mtu anayeshika nguo upepo usiichukue. Alitikisa kichwa, mara moja, kidogo sana. Hakujua bado ninajua nini. Alijua tu kwamba kitu chochote nitakachosema kitamwangukia yeye.

"Sabuni," nikasema.

"Sabuni?"

"Majivu ya maganda ya matoke. Natengeneza sabuni. Nilikuwa napita kumwona mjukuu wangu."

Bwana Ocira akacheka, akageuka kwa wenzake. "Potasiamu! Bibi ametuletea kilo nzima ya potasiamu. Hata mama yangu kule kwetu alikuwa anatengeneza." Wote wakacheka, hata Santo nje. "Basi, mama, majivu yatatolewa, utaoshwa mikono, utapimwa tena, utatoka. Hakuna neno. Zulaika, kumbe ni bibi yako! Mbona hukusema?"

Zulaika hakucheka. Alikuwa anautazama mfuko. Niliona anavyohesabu. Nilimfundisha mimi kuhesabu, kwa maharage, najua midomo yake inavyokwenda. Majivu. Matoke. Mezani usiku mmoja, mchana mmoja. Karatasi mpya.

Ningefunga macho kama ingesaidia.

Bwana Ocira alikuwa ameshageuka kuondoka. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo, na kikao kilikuwa kinamsubiri. Kama angetembea hatua kumi tu tungekuwa tumepita. Mimi na Zulaika tungekaa na jambo hilo maisha yetu yote, tunakula mezani, tunategana vitendawili, na hakuna atakayeuliza.

"Haboba," Zulaika akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya watu wote. "Wale samaki ulionipa. Uliwafanya nini?"

Hatua za bwana Ocira zikakoma.

"Niliwaosha," nikasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya majivu. Na nikawapaka."

"Nilikuambia usivifanyie kitu."

"Uliniambia. Nilidhani ni adabu."

Hakuna aliyecheka hapo. Bwana Ocira alirudi polepole, akavua miwani, akaifuta na tai. Nikaanza kusema kwamba mtoto hana kosa, ni mimi, yeye hakufungua hata karatasi, lakini alininyamazisha kwa kiganja, bila hasira.

"Mia nne na kumi," akamwambia Zulaika.

"Ndiyo, bwana."

"Uliandika haijaguswa."

"Niliandika. Sikuangalia. Na risiti sikuleta."

"Kamati imeshachapisha. Iko mezani mbele ya watu ishirini na nane sasa hivi." Akavaa miwani. "Sampuli za kontena zitakwenda Mombasa, wenzetu wa pwani wana mashine ya kutenganisha. Wiki mbili, pengine tatu. Mpaka hapo lori halitoki." Akanigeukia. "Mama, kuna waliobaki nyumbani ambao hukuwagusa?"

"Vipande sita. Kwenye debe."

"Usiviguse."

"Hata mtu akiniambia nisijisumbue."

Alitaka kutabasamu, ikamshinda. Akamwambia Zulaika, kwa sauti ya chini lakini kioo kilikuwa na matundu: "Namba uifute wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na uandike sababu. Na ile barua ya kesho siwezi kuisaini. Unaelewa."

"Naelewa."

"Sijui kama nitaweza kuisaini siku nyingine. Nitasema uliuliza mwenyewe, mbele yangu. Nitalisema hilo. Lakini sijui."

Akaenda, nikamsikia kwenye korido anapiga simu, anasema lori lisimamishwe, hapana, si kesho, sasa.

Wenzake wakatawanyika mmojammoja kama watu wanaotoka msibani kabla ya chakula. Zulaika alibaki. Akaleta fomu, akaiweka juu ya kiti, akapiga mstari, akaandika. Halafu akaondoka, nikadhani ameniacha, na ningestahili. Akarudi na beseni, sabuni, brashi ya kucha na mifuko miwili ya nailoni.

"Ukiingia na wewe utafungiwa!" Santo akamwambia kutoka nje. "Sharti upimwe na wewe!"

"Najua sheria, Santo. Niliiandika mimi."

Akafungua kwa kadi yake, akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake kwa ule mlio. Tukabaki wawili mle, magoti yanagusana. Akatia majivu kwenye mfuko, akaufunga, na chupa vilevile, akavipitisha kwenye kijidirisha. Akanivua kitenge cha juu, akanivika koti lake jeupe. Akashika mkono wangu wa kulia, akaulowesha, akaanza kusugua. Aliusugua kwa nguvu. Iliuma.

"Umeniharibia, Haboba."

"Ndiyo."

"Ungeniambia Jumanne. Ungeniambia mimi, nyumbani, sisi wawili."

"Nilijaribu."

"Lini?"

Alisugua vidole kimoja kimoja, na machozi yake yakadondoka ndani ya beseni, hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na povu.

"Na ungeniambia Jumanne," akasema, "sijui ningefanya nini. Hilo ndilo linalonikera. Sijui."

"Mimi nilisema sabuni."

"Nilisikia."

Akanipangusa mikono na karatasi. Nikaweka miguu kwenye alama, nikaingiza mikono kwenye matundu. Mashine ikahesabu kimya. Tulikuwa tunaitazama wote wawili, bila kupumua.

Nyekundu.

"Chini ya kucha," akasema. Akamimina maji mapya. Hakukuwa na nafasi ya kukaa vizuri, akakunja miguu yake pembeni ya yangu, akanishika mkono tena, na akaanza na kidole gumba.